Nyanchera Alivyoujaza Umoja

Shangazi yangu Nyanchera hakuwa mtu wa kusamehe, na wala hakuona haya kusema hivyo. Akiwa anachuma chai, akiwa anapepeta wimbi, ungemsikia akisema peke yake: "Huyo Zachariah nitamshika. Nitamshika tu." Majirani wa Manga walizoea maneno hayo jinsi unavyomzoea mbwa wa boma la pili. Mimi niliyekaa naye nyumba moja nilijua habweki bure.

Kazi yake ilikuwa kupandisha wageni ukingo wa Manga. Siku hizo, miaka ya sitini ikielekea kuisha, wazungu waliotoka kutazama simba walipitia Kisii mjini, wakala chakula cha mchana, na wale wenye miguu wakaletwa kwetu kusimama juu ya mwamba na kuona ziwa kwa mbali, jeupe kama bati jipya. Shangazi alikuwa mjane. Alivaa viatu vya marehemu mumewe, akavijaza matambara kwenye vidole, akawatangulia wageni akiwaonyesha pa kukanyaga. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, cha kumzuia mtu asianguke, basi. Na kweli hakuna aliyeanguka mikononi mwake.

Aliyewaleta wageni hao ni Zachariah Ratemo. Alikuwa na ofisi mjini, tai shingoni hata jua likiwaka, na gari la watalii alilolipaka mistari ya punda milia. Alicheka kabla mzungu hajamaliza mzaha wake. Alipenda pia kuwaeleza wageni mila za Wagusii, nani anamwonea nani haya, nani haingii kwa nani, halafu anamalizia kwa kupiga makofi: "Lakini hayo tumeacha! Sisi sasa ni watu wa kisasa."

Siku moja ya mvua za Aprili alikuja na wazee wa Kijerumani. Shangazi akautazama mlima, akatikisa kichwa.

"Leo hapana. Jiwe limelowa."

"Mama Onchiri," Zachariah akamsihi, "hawa wanaondoka kesho."

"Basi waondoke na miguu yao."

Akachukua jembe akaenda shambani. Mimi nilikuwa naye huko, tukapalilia mpaka mvua ikatufukuza. Zachariah akaona aibu kuwarudisha wageni mikono mitupu, akawapandisha mwenyewe na viatu vyake vya ofisini. Mzee mmoja akateleza, akavunjika mguu vibaya. Tulisikia kilio tukiwa chini, tukadhani ni mbuzi wa mtu.

Kufika mjini, Zachariah alikuwa ameshatengeneza maneno. Kwa kampuni ya Nairobi iliyompa wageni, kwa polisi, kwa kila aliyeuliza, alisema Nyanchera ndiye aliyewapandisha, na alikuwa amelewa chang'aa. Wajerumani walikuwa wameshapelekwa Nairobi na baadaye kwao. Wa kuulizwa hakuna. Mimi nilisema tulikuwa shambani, nikaambiwa mtoto husema anachofundishwa na mwenye kumlisha.

Lazima mjue shangazi alikuwa Msabato wa kweli. Kwetu wako wanaochuma chai mwaka mzima na hawajawahi kuionja, kwa sababu ya dini, na yeye alikuwa mmoja wao. Mtu kama huyo umwite mlevi! Sabato iliyofuata mzee wa kanisa, Mogire, alisimama mbele akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba Nyanchera ametolewa ushirikani mpaka jambo lake lijulikane. Tangu siku hiyo alikuwa akienda kanisani na kukaa nje kwenye nyasi, chini ya dirisha, anaimba na waliomo ndani. Mvua ikinyesha anajifunika gunia. Hakuna aliyemwambia ingia.

Mwaka wa sabini na moja Zachariah na wenzake wakaanzisha chama cha watu wote wa kazi ya utalii upande wetu, kuanzia mjini Kisii mpaka Nyamira na kuendelea. Wakakiita Umoja. Ukiwa mwanachama unapewa beji ya kijani, na askari wa mjini anakuacha umkaribie mgeni gari likisimama. Usipokuwa na beji unafukuzwa kama kuku. Zachariah akawa mwenyekiti.

Shangazi alivaa gauni lake la Sabato, tukatembea mpaka mjini, akakaa kwenye benchi la mbele katika chumba cha nyuma ya ofisi ya Zachariah. Alipoitwa kusema kazi yake, mwenyekiti alimkatiza.

"Mama, huu ni umoja wa wataalamu wa utalii. Sio wa watu wa kilabuni."

Watu wakacheka. Kuna aliyejifanya anapepesuka na chupa mkononi. Shangazi alikaa mpaka kicheko kikaisha chenyewe, akainuka, akavuta gauni vizuri, akatoka. Tulipofika kwenye mto akanawa uso na kusema, "Nataka aseme kwa mdomo wake. Mbele ya watu hao hao. Aseme sikuwa mlimani na sikuwa nimelewa. Halafu hicho kiti nakitoa chini yake."

Rafiki yake mmoja alikuwa na beji. Huyo ni Persis, mwanamke mnene wa Tabaka, aliyeuza vinyago vya mawe laini kando ya kituo cha mabasi. Shangazi alimkuta anasugua kiboko wa jiwe kwenye karai la maji.

"Persis, sheria ya huo Umoja wenu inasemaje? Nani anaingia?"

"Yeyote anayekula kutoka kwa mgeni, na mwanachama mmoja amsimamie."

"Na wewe ni mwanachama."

"Mama Onchiri, nikikusimamia wewe atakukataa tena."

"Nani amesema mimi?"

Persis aliacha kusugua. Akamwangalia, halafu akaanza kucheka mpaka karai likamwagika.

Hapo ndipo shangazi alipoanza kutembea. Siku ambazo hana chai ya kuchuma alienda Birongo kwa wanawake wa vikapu, akaenda Masimba kwa wapishi wa hoteli za barabarani, akaenda Tabaka kwa wachongaji, akawafuata wapiga obokano, kinanda chetu cha nyuzi, na wacheza ngoma, wapiga picha, wauza ndizi wanaosimamisha magari ya watalii.

"Jiungeni na Umoja," anawaambia.

"Wewe mwenyewe si walikufukuza?"

"Ndiyo, sasa nimebaki na nafasi ya kuwaita ninyi. Nendeni kwa Persis, atawasimamia."

"Na wewe unapata nini?"

"Siku nikiwaomba mkono mmoja, mnipe."

Wakaenda. Watu walitaka beji, na hilo la mkono halikuwazuia kulala. Umoja ulioanza na watu wa kujaa benchi chache ukafurika mpaka wengine wakasikiliza mikutano wakiwa barazani, wakining'inia madirishani. Zachariah alivimba. Hakujua wanatoka wapi, alidhani ni jina lake linalowavuta. Gazeti likaja kumpiga picha. Alienda Kisumu, akaenda Nairobi, akasimama mbele ya wakubwa wa utalii kusema hakuna mkoa ambao chama chake kinakua kama cha kwake. Aliporudi alituhutubia barazani, mimi nikiwa miongoni mwa waliokuja kutazama tu: "Chama kinakua! Mwaka ujao tutakosa pa kuweka mguu!"

"Amina," akasema shangazi akiwa nyuma kabisa, nje ya baraza, na walioelewa wakaficha midomo.

Hata mzee Mogire wa kanisani aliingia. Alikuwa anachonga fimbo za kutembelea, wazungu wanazipenda. Shangazi alienda kwake mwenyewe.

"Mzee, ukiwa na beji utauza mpaka ndani ya gari."

Mogire alimtazama chini. "Nyanchera, mimi ndiye niliyekutoa."

"Najua. Nataka masikio yako yawe humo."

Chumba kikawa kidogo kweli, ikabidi mkutano mkuu utafutiwe mahali. Zachariah alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Alfayo, aliyejenga nyumba ya wageni Masimba, ya mawe, yenye ukumbi mpana ambao ungetosha harusi. Persis akasimama akasema, kwa nini pesa za Umoja zisiende kwa mtoto wetu, tufanyie kila mkutano mkuu kwa Alfayo, iwe ndiyo kanuni? Mwenyekiti alifurahi mno. Akawa wa kwanza kuinua mkono. Wakapitisha pia kwamba mwenyekiti asipokuwa ndani ya ukumbi mkutano ukifunguliwa, walio ndani watachagua mwingine wa kukalia kiti. Hiyo Zachariah hakuisikia vizuri, alikuwa anampongeza Alfayo.

Alfayo wakati huo hakuwa na mke. Umri ulikuwa umeenda na baba yake alilalamika kila mahali, mpaka kwa wauza ndizi. Shangazi alipolisikia hilo alikaa jikoni jioni nzima akichochea moto usiohitaji kuchochewa.

Persis ndiye aliyekuwa mshenga. Msichana alikuwa mpwa wake wa Birongo, Eucabeth, mpole lakini macho makavu, anayejua kuendesha duka. Alfayo alimpenda kweli, hilo siwezi kudanganya. Ng'ombe wakatolewa, harusi ikafanyika, Zachariah akacheza mpaka tai ikageukia mgongoni. Alikuwa amewajengea nyumba bomani kwake. Lakini Persis alimnong'oneza mpwa wake: wafanyakazi wataiba mashuka, mwenye nyumba ya wageni analala ndani yake. Basi maharusi wakahamia Masimba. Kitanda chao kikawekwa katika chumba ambacho mlango wake unafungukia ukumbini, na jiko la Eucabeth likawa pale pale.

Zachariah aliona, na hakuona. Alipopita na wageni alikunywa chai barazani, Eucabeth anamletea kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, anaondoka. Miguu yake ilikuwa imeshaacha kuvuka mlango bila kichwa kuambiwa. Kwetu baba haingii nyumba ya mtoto wake aliyeoa. Hakuna anayekufundisha jambo hilo kwa maneno. Ni haya, tunaita chinsoni, na mtu akiivunja wazee hukaa, mbuzi huchinjwa, na bado jina lake halisafiki. Mke wa mtoto anaweza kurudi kwao siku hiyo hiyo na hakuna atakayemlaumu.

Mkutano mkuu wa mwaka wa sabini na tano, wa kwanza tangu harusi, ulianza kwa mawingu. Watu walijaa ukumbi wa Alfayo mpaka ukutani, beji za kijani kila mahali. Shangazi hakuwa na beji, kwa hiyo alikaa jikoni kwa Eucabeth kama mgeni wa nyumba, na mimi kando yake, mlango ukiwa wazi tuone ukumbi wote.

Zachariah alifika na gari lake la punda milia, akashuka na mkoba, akasalimia huku na huku. Akapanda ngazi. Mguu mmoja ukafika kwenye kizingiti ukasimama pale, hewani kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata. Akaurudisha.

"Karibu, Mwenyekiti!" Persis aliita kutoka ndani.

"Tufanyie nje," akasema Zachariah. "Hewa ni nzuri."

Ngurumo ikapiga. Watu wakacheka.

"Kanuni ni ukumbini," akasema mpiga obokano mmoja. "Ulinyoosha mkono wa kwanza."

"Hii ni hoteli!" Zachariah akapandisha sauti. "Hoteli haina mwenyewe. Naweza kuingia."

"Basi ingia."

Hakuingia.

"Alfayo," Persis akamgeukia kijana, "tusaidie. Hii ni hoteli au ni nyumba yako?"

Alfayo alikuwa amesimama karibu na meza, jasho linamtoka. Alimtazama baba yake, akamtazama mkewe mlangoni mwa jiko. "Ni nyumba yangu," akasema pole pole. "Tunalala hapa."

Sauti ikatoka nyuma: "Mzee, si uliwaambia wazungu tumeacha?"

"Ingia kisasa!"

"Anza na tai, mwili utafuata!"

Kicheko kile kilikuwa kikubwa kuliko cha mwaka ule wa benchi la mbele. Mvua ikaanza, ya matone mazito. Zachariah akasogea chini ya dirisha kujikinga, na hapo ndipo shangazi alipoinuka jikoni, akapita katikati ya watu, akafungua dirisha hilo. Wakawa uso kwa uso, yeye ndani, Zachariah nje, maji yanamtiririka masikioni.

"Mama Onchiri," akasema Zachariah kwa sauti ya chini, "ni wewe."

"Ni mimi. Wanachagua mwenyekiti sasa hivi na wewe haumo. Mimi naweza kuwaomba watoke waje huko uliko, watanisikia, maana kila mmoja hapa nimemleta mimi. Lakini kwanza niambie. Siku ile ya Wajerumani, nani aliwapandisha?"

"Mambo ya zamani haya—"

"Persis, waambie waanze kuchagua."

"Ngoja! Ngoja kidogo."

"Nani?"

"Mimi," akasema.

"Mzee Mogire huko nyuma hasikii vizuri."

"Ni mimi niliyewapandisha!"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa shambani. Ulikataa. Ulisema jiwe limelowa."

"Nilikuwa nimelewa?"

Zachariah alifunga macho. "Hukuwa umelewa. Nilisema uongo."

"Rudia hilo la mwisho. Lilimezwa na mvua."

Alirudia. Alirudia mpaka mpiga picha mmoja akasema, mama, inatosha, na shangazi akamtazama mpaka naye akanyamaza.

Ahadi yake aliitimiza. Aliwatoa wote nje, kila mtu na kiti chake kichwani kujikinga na mvua, wakajipanga uani mbele ya Zachariah. Alishukuru, maskini, alidhani ameokoka. Halafu shangazi akawaambia, "Ule mkono niliowaomba, ni leo. Anayetaka Persis akalie kiti ainue." Mikono ikapanda yote kwa pamoja. Zachariah alikuwa karibu sana nao, hakuwa na pa kutazama ila mikono. Wa Mogire ulichelewa kidogo kwa sababu ya bega, lakini ulipanda. Zachariah akatafuta wa Alfayo. Alfayo alikuwa amebaki ndani, hakuinua wala hakushusha.

Mogire akaja akivuta mguu kwenye matope. "Sabato uje, Mama Onchiri, tukupokee."

"Nitakuja. Na utasema kwa sauti ile ile uliyonitolea. Ukipunguza nitarudi kukaa nje, watu waulize kwa nini."

Persis alimbandika beji pale pale, akicheka. Tuliporudi jikoni kuchukua kikapu, Eucabeth alikuwa ameketi mbele ya jiko, hajachochea.

"Shangazi," akamwambia Persis, lakini macho yalikuwa kwa Nyanchera, "mlinitafutia mume, au mlitafuta wa kulala kwenye huu mlango?"

Persis akaanza kusema Alfayo ni kijana mzuri, ana heshima, umekosa nini hapa.

"Sijauliza hivyo."

Shangazi Nyanchera alichukua kikapu chake. Akatoka nacho. Eucabeth yuko Masimba mpaka leo, ana watoto, nyumba ya wageni inaenda vizuri. Shangazi akipita barabarani humsalimia. Eucabeth huendelea kukunja mashuka.

Kanisani Mogire alisema kwa sauti, ilifika barabarani. Shangazi akaingia, akakaa benchi la mbele, akajimwaga kama mtu aliyenunua benchi zima.

Zachariah hakuacha kazi, angekula nini? Ila sasa ni mwanachama kama wengine, na Persis amepitisha kwamba wageni wa Manga hupandishwa na Nyanchera peke yake. Mara ya kwanza alipokuja tulisikia gari likipiga honi kule chini, barabarani. Jua lilikuwa zuri, ziwa lilikuwa linaonekana. Shangazi alikuwa ameshavaa viatu. Akavivua. Akaketi, akaniambia niinjike uji.

"Shangazi, wanangoja."

"Wageni wape ndizi, uwaweke kivulini. Yeye mwache."

Nikawapelekea. Niliporudi alikuwa amemaliza kibuyu kimoja, anapuliza cha pili pole pole, miguu ameinyoosha juani. Honi ikalia tena, ndefu zaidi.

"Wimbi la mwaka huu ni tamu," akasema. "Hebu niongeze."